Kumkaanga Inspekta Jenerali kwa kamati na kumuuliza karatasi ni vitu viwili

Kila Inspekta Jenerali wa Polisi akiitwa mbele ya kamati ya Bunge simu yangu hujaa meseji, watu wananitumia klipu, "umeona vile mheshimiwa amemkaanga?", na kweli nimeona, tena mimi hukaa nikaangalia kikao chote cha masaa matatu, na mara nyingi nikifika mwisho naandika kwa daftari neno moja tu: hakuulizwa. Kazi yangu kwa miaka imekuwa kuandika memoranda za kupeleka kwa hizi kamati na kusoma Hansadi, ile rekodi ya yote yanayosemwa Bungeni, kwa hivyo wacha nieleze namaanisha nini.

Chukua Katiba ya Kenya ya 2010 ufungue kifungu cha 245. Kinasema Inspekta Jenerali ana amri huru juu ya polisi. Waziri anayesimamia polisi anaweza kumpa maelekezo ya sera, sawa, lakini hakuna mtu yeyote, awe nani, anayeruhusiwa kumwambia chunguza kesi hii, shika fulani, pandisha cheo huyu, fukuza yule. Halafu kuna sentensi ndogo watu huiruka: Waziri akitoa maelekezo, au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akimwagiza achunguze jambo, hayo maelekezo lazima yawe kwa maandishi.

Kwa maandishi. Hilo neno halikuanguka tu kutoka mbinguni. Tulitoka kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyozichunguza ikahesabu watu 1,133 waliokufa na 405 kati yao waliuawa kwa risasi, na ukitaka kujua nani aliamuru nini unapata ukuta, manake amri ya mdomo haiachi alama. Walioandika Katiba walitaka alama ibaki.

Sasa niambie, ni mara ngapi umesikia mbunge akiuliza: maelekezo ya tarehe fulani yalitoka kwa nani na barua iko wapi? Swali fupi hivyo. Barua ikiwepo, iwekwe mezani tuisome. Isipokuwepo, basi ama Inspekta Jenerali aliamua mwenyewe na mzigo ni wake, ama kuna mtu alimpigia simu kinyume cha Katiba. Hakuna jibu hapo lisilokuwa na uzito, ndio maana napenda hilo swali.

Juni 26, 2025, siku moja baada ya maandamano, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alisimama mbele ya wanahabari akasema polisi wameambiwa wampige risasi mtu yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Baadaye akaeleza kwamba hakutoa amri, alikuwa anaeleza sheria. Nchi ikabishana wiki nzima kuhusu maneno yake, alisema hivi, hakusema hivi. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la kumalizwa na karatasi moja: Inspekta Jenerali, ulipokea maelekezo ya maandishi, ndio ama la, na wewe uliwatumia makamanda wako nini kwa signo, ule ujumbe rasmi wa polisi?

Na wasituambie Bunge halina nguvu. Kifungu cha 125 kinapea kila kamati nguvu sawa na za Mahakama Kuu kuita shahidi, kumhoji kwa kiapo, na kumlazimisha alete nyaraka. Sawa na Mahakama Kuu! Mwangalie Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Septemba 2024, kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aliitwa mara kadhaa aje aeleze kuhusu watu watatu waliotekwa Kitengela, hakuja, jaji akamhukumu miezi sita jela kwa kudharau korti. Siku chache tu mbele Masengeli akaja mwenyewe kuomba msamaha, hukumu ikaondolewa, na wale watu watatu wakapatikana wakiwa hai.

Kwa kamati sasa. Afisa anakuja na faili nene na anasoma taarifa nusu saa. Mwenyekiti anafungulia wabunge, wa kwanza anauliza maswali sita kwa mpigo, la kwanza kuhusu wizi wa mifugo kwake, la pili kuhusu gari la OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kukosa mafuta, la tatu kuhusu waliouawa kwa maandamano, mwingine anadakia, mwingine anahutubia kamera, na afisa anayajibu yote kwa pamoja yaani anachagua yale rahisi. Lile gumu anasema "nitaleta majibu kwa maandishi, mheshimiwa". Saa zimeisha. Silaumu wabunge kwa kuuliza ya nyumbani, mifugo ikiibwa ni usalama pia, lakini maswali sita kwa mpigo ni zawadi kwa anayejibu. Na yale majibu ya maandishi aliyoahidi, mimi hufuatilia kwa makarani, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuyadai.

Kisingizio kingine ni "uchunguzi unaendelea, siwezi kuingilia mambo ya korti". Kanuni za Bunge haziseme hivyo. Kesi ya jinai inahesabika iko hai kortini mtu akishafunguliwa mashtaka au akitumiwa samansi, kwa hivyo uchunguzi ambao haujafikisha mtu kortini hauzibi mdomo wa mbunge, na hata kesi ikiwepo anayedai ilindwe ndiye anapaswa kuonyesha ushahidi. Nimeshuhudia maswali mazuri yakifa kwa sentensi hiyo moja na hakuna aliyefungua Kanuni kuangalia.

Mahali Bunge lilijiumiza lenyewe ni Desemba 2014. Ile sheria ya marekebisho ya usalama ilipitishwa tarehe 18 katika vurugu na mayowe, ikatiwa sahihi kesho yake, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele vinane. Watu wanakumbuka vurugu. Mimi nakumbuka jambo la kimya kimya, kwamba kabla ya hapo nafasi ya Inspekta Jenerali ilikuwa inatangazwa na Tume ya Huduma ya Polisi, watu wanaomba, wanahojiwa hadharani, baada ya hapo Rais anapeleka jina moja Bungeni na kazi ya Bunge ni kusema ndio au hapana. Na kusema hapana kwa jina moja kunahitaji moyo mgumu sana.

Bajeti nitaigusa tu. Makadirio lazima yafike Bunge la Taifa kabla ya Aprili 30, na kamati inayopitisha pesa za polisi ndiyo inapitisha za IPOA, wale wanaowachunguza polisi. Hapo ndipo mbunge ana rungu la kweli. Tena kuna sheria ya 2017 ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo, ili mtu akiuawa kwa risasi ya polisi asiwe polisi ndiye anayesimamia maiti na ushahidi. Ilipitishwa, ikatiwa sahihi, miaka ikaenda bila ofisi kufunguliwa. Bunge lililoipitisha lina Kamati ya Utekelezaji, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na kuna mama mmoja wa Eastlands nilikaa naye tukiandika lake, kijana wake alipigwa risasi usiku. Alikuja na kurasa kumi na moja za mkono. Tukazisoma zote, kisha ukurasa wa kwanza tukaweka karatasi tatu tu za kudai: OB, yaani kitabu cha matukio, ya usiku ule kwa kituo, rejista ya bunduki inayoonyesha nani alichukua silaha gani na alirudisha risasi ngapi, na nakala ya taarifa ambayo sheria inataka polisi wapeleke IPOA mtu akifa mikononi mwao. Nikamwambia hizi zote sheria inasema zipo, kwa hivyo mwenye kusema hazipo ana maelezo ya kutoa. Ile hadithi nyingine yote tukaiweka nyuma kama kiambatisho. Alikubali, isipokuwa mstari mmoja alisema hauendi nyuma, ukabaki juu kabisa kabla ya zile karatasi tatu: jina la kijana wake, na kwamba alikuwa na miaka 19.