Homoni za kike na tumbo: kwa nini choo hubadilika kwa mwezi

Hapa Kampala mwanamke akisema tumbo limejaa, chakula ndicho hushtakiwa kwanza: posho (ugali) ilizidi, maharage hayakuiva. Lakini tumbo likijaa kila mwezi siku zilezile, kabla ya hedhi, huenda maharage yanasingiziwa.

Homoni ni kemikali zinazosafiri kwenye damu kupeleka amri kwenye viungo. Za kike zinazotajwa zaidi ni mbili, estrojeni na projesteroni, na kwa asiye na mimba hutoka hasa kwenye ovari. Tumezizoea kama habari za uzazi tu, kumbe utumbo nao unazisikia.

Ya kulegeza ni projesteroni. Hupanda baada ya yai kutoka, karibu na siku ya 14 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na hutuliza mji wa mimba usijikaze, maana huenda mimba imeingia. Sasa, misuli ya utumbo ni ya aina hiyohiyo, misuli laini isiyongoja uiamuru, nayo hulegea. Chakula kinasogea polepole, utumbo mpana unanyonya maji zaidi, choo kinakuwa kigumu, gesi inakaa. Si wanawake wote hulihisi hili kwa kiwango kimoja.

Hedhi ikianza, mambo hugeuka. Projesteroni imeshashuka, na ukuta wa mji wa mimba unatoa prostaglandini, kemikali za kuukaza ili damu itoke. Utumbo ni jirani, nao hukazwa. Ndiyo maana aliyefunga choo juzi, leo anaharisha huku tumbo linamkata. Wengi huilaumu rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. (Mara nyingine ni kweli ni rolex.)

Kwa mjamzito projesteroni hubaki juu miezi mingi. Mlango kati ya umio na tumbo unalegea, asidi inapanda, kiungulia kinamkosesha usingizi. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki navyo hufunga choo. Asiviache, ila anywe maji zaidi, ale dodo (mchicha) na papai, amweleze mkunga. Kifuko cha nyongo nacho huzembea kujikamua, na estrojeni huongeza kolesteroli, aina ya mafuta, ndani ya nyongo. Ndiyo sababu mojawapo ya mawe ya nyongo kuwapata wanawake kuliko wanaume.

Damu kwenye choo, au kukonda bila sababu, usiyahesabie homoni. Hayo yapeleke kwa daktari, hata kama yamekuja siku za hedhi.