Kisu cha Husa ni nini?

Jina hili hubeba vyombo vingi: panga ndefu za kuning'iniza begani, visu vya jikoni, mundu, shoka, hata visu vidogo vya mfukoni. Kinachoviunganisha ni mahali vinapofuliwa na watu wanaovifua. Husa ni bonde katika wilaya ya Longchuan, jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China karibu na mpaka wa Myanmar. Wahunzi wake ni Waachang, kabila dogo ambalo sensa ya China ya 2010 ilihesabu watu 39,555 tu.

Kwa masimulizi ya wenyeji, ufundi huu uliingia na askari wa nasaba ya Ming, iliyotawala China wakati huo, chini ya jenerali Mu Ying, mwishoni mwa karne ya 14. Walipiga kambi bondeni, wakafua silaha zao, na wakulima wakaupokea ufundi. Vijiji viligawana kazi: hapa panga, pale mundu, kwingine ala, yaani vifuko vya kuwekea panga.

Wanunuzi wengi si Waachang. Wajingpo, majirani zao, hucheza ngoma yao kubwa ya Munao Zongge wakiwa na panga mkononi, na panga hizo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye tanuri za Husa. Watibeti nao ni wateja wa zamani. Kwa hiyo kisu kinachouzwa kwa jina la kabila jingine huenda kimefuliwa na Mwachang.

Kazi hupita hatua zipatazo kumi: kukata chuma, kukifua kiwe pande refu, kukipa umbo la kisu, kusawazisha kwa tupa na jiwe, kuchora nakshi, kutia matiko (kukipasha chuma moto na kukizamisha majini ili kiwe kigumu), kung'arisha, kutia mpini, kutengeneza ala, kisha kuunganisha vyote. Nakshi hutangulia matiko kwa sababu moja: bapa likishakuwa gumu, patasi haiingii.

Matiko ndiyo yanayomtenganisha fundi na mpiga nyundo. Chuma chenye kaboni ya kutosha, kama cha springi za magari, huhitaji joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi kabla ya kuzamishwa. Mhunzi asiye na kipimajoto husoma rangi, na husomea kivulini, kwani juani wekundu hafifu hauonekani. Akizamisha kabla chuma hakijaiva, makali hubaki laini na kupinda kwenye mfupa wa kwanza. Akikiacha moto mpaka kikaelekea manjano, chembe za chuma hukua na kisu huvunjika kama kigae. Panga likiingia majini kibapa, upande mmoja hupoa kabla ya mwenzake na lote hukunjamana. Kwa hiyo huzamishwa wima au kwa makali kwanza.

Chuma kilichotoka majini ni kigumu lakini hakina ustahimilivu. Hupashwa tena taratibu, kati ya nyuzi 200 na 300, huku rangi ya juu ikipita kutoka manjano ya majani makavu hadi buluu. Manjano yanafaa kisu cha kukatia. Buluu inafaa bapa refu litakalopindwa. Sifa iliyoenea kwamba panga la Husa hukunjwa likafungwa kiunoni kama mkanda inahusu mabapa membamba yaliyofuliwa kwa kusudi hilo. Panga nene la kuchanja kuni halipindiki hivyo, na likipindika mnunuzi adai fedha yake.

Ala hutengenezwa kwa mbao, ngozi au fedha. Mbao mbichi ni kosa la kawaida: ikikauka hujibana na kukwamisha bapa, na unyevu wake huleta kutu.

Kwa Waachang wenyewe panga si chombo cha shamba tu. Bwana harusi hulivaa siku ya ndoa. Mazishini mambo hugeuka: maiti huvuliwa kila kitu cha chuma, fedha au madini mengine, kwa imani kwamba madini huzuia njia ya kuzaliwa upya.

Mwaka 2006 China iliuweka ufundi huu katika orodha ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika, yaani ufundi na mila badala ya vitu. Kilichoorodheshwa ni ufuaji, wala si kila kisu chenye chapa ya Husa dukani. Mgeni anayetaka kununua akumbuke pia kwamba panga na visu vya namna hii haviruhusiwi kubebwa ndani ya treni wala ndege za huko.