Kuhalalisha dawa za kulevya ni kufanya nini hasa?

Mzigo wa miraa ukitoka Maua, Meru, unauzwa Nairobi mchana kweupe. Una wakulima wake, madalali wake na magari yake yanayokimbia barabarani kabla majani hayajanyauka. Ukivuka Namanga kuingia Tanzania, majani yaleyale yanaitwa mirungi, na anayekutwa nayo anakwenda kujibu mahakamani. Orodha ya vilevi vilivyoruhusiwa na vilivyokatazwa imeandikwa na watu, kwa sababu za afya, za siasa na za biashara, na kila nchi ina yake. Ndiyo maana swali la kuibadilisha halikosi kurudi.

Tatizo ni kwamba watu wakibishana juu ya kuhalalisha, mara nyingi kila mmoja ana lake kichwani. Huyu anafikiria duka la bangi lenye leseni ukutani. Yule anamfikiria kijana wa unga aliyetolewa mahabusu akapelekwa kwa daktari. Mwingine anafikiria nesi anayegawa dozi kila asubuhi. Haya ni mambo matatu, na mtu anaweza kulikubali moja akayakataa mengine bila kujipinga.

Kuhalalisha kwa maana kamili ni serikali kuiruhusu bidhaa yenyewe: ilimwe, isafirishwe, iuzwe na inunuliwe kwa kanuni, kuwe na kodi, ukaguzi na umri wa mnunuzi. Bia na sigara ziko hapo. Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza kuipitishia bangi sheria ya namna hiyo, mwaka 2013, na Kanada ikafuata tarehe 17 Oktoba 2018. Kwa heroini na kokeini, hakuna nchi iliyofungua duka la kumuuzia kila mtu mzima anayetaka.

Jirani zetu Kenya wanaijua hatua hii kupitia kinywaji. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliihalalisha chang'aa, kwa masharti ya leseni, chupa za kioo na onyo la afya. Nia ilikuwa kuwaondoa sokoni wapishi wa uchochoroni, ambao pombe yao ilikuwa ikiua na kupofusha kwa methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Lakini leseni na chupa vina gharama, na mnywaji wa kipato cha chini alibaki palepale kwenye kikombe cha bei nafuu. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye methanoli. Sheria ilikuwa imeifungulia chang'aa mlango wa mbele, na biashara ikaendelea kupita wa nyuma. Anayetuambia kwamba kuhalalisha peke yake kunaua magendo anapaswa kulijibu hilo.

Jambo la pili ni kuondoa kosa la jinai kwa mtumiaji. Hapa dawa inabaki marufuku na muuzaji anabaki mhalifu. Kinachobadilika ni kwamba mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hafungwi jela. Mfano mkubwa ni Ureno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo yenye watu wapatao milioni 10 ilikadiriwa kuwa na watumiaji 100,000 wa heroini, na maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa miongoni mwa mabaya zaidi Ulaya. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, daktari João Goulão akiwa mmoja wao, na ushauri wao ukawa sheria iliyoanza kutumika Julai 2001.

Inafanya kazi hivi. Kipimo ni matumizi ya siku 10: kwa heroini gramu 1, kwa kokeini gramu 2, kwa bangi gramu 25. Ukikutwa na kiasi kisichozidi hapo, polisi wanakichukua na kukuandikia ufike ndani ya saa 72 mbele ya tume ya watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanazungumza nawe. Kama si mraibu, mara nyingi shauri linasimamishwa. Kama umezama, unaelekezwa kwenye tiba. Wanaweza kutoza faini, ila jela hawana mamlaka nayo. Ukizidisha kiasi, unaweza kujikuta mbele ya hakimu kama zamani.

Maambukizi mapya ya virusi miongoni mwa wanaojidunga, yaliyokuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka mwanzoni, yalishuka hadi chini ya 100, na wimbi la vijana kukimbilia dawa lililohofiwa halikutokea. Wengi husimulia hadi hapo tu. Ureno iliongeza pia tiba, methadoni (dawa anayopewa mraibu badala ya heroini), sindano safi na wafanyakazi wa kuwafuata watumiaji mitaani, na bila hayo sheria ile ingekuwa karatasi.

Nasema hivyo kwa sababu jimbo la Oregon, Marekani, lilijaribu nusu ya kwanza kabla ya nusu ya pili kuwa tayari. Wapiga kura waliipitisha hatua hiyo Novemba 2020, ikaanza Februari 2021. Anayekutwa na dawa aliandikiwa faini ya dola 100, inayofutwa akipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Wachache sana walipiga. Fedha za tiba zilichelewa, na fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikamwagika mitaani wakati huohuo. Mwaka 2024 wabunge waliurudisha umiliki wa dawa kuwa kosa la jinai, kuanzia Septemba mosi.

Jambo la tatu, kumpunguzia madhara anayetumia, halihitaji kuhalalisha chochote, na hili limefanyika kwetu. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ya kwanza ya aina yake katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Wakati huo utafiti wa Dar es Salaam ulikuwa ukionyesha kwamba zaidi ya mmoja kati ya watatu wanaojidunga ana virusi vya UKIMWI. Baadaye zikaja kliniki nyingine, ikiwemo Mwananyamala, na Kenya nayo ikaanzisha zake, Nairobi na pwani.

Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa anaimeza mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku, na inakaa mwilini zaidi ya saa 24. Haimpi kilele anachokitafuta kwenye sindano, bali inazuia arosto: yale maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi yanayomtoa mtu kitandani alfajiri akatafute cha kuiba. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Anayekunywa dozi yake saa mbili asubuhi anaweza kuwa kazini saa tatu. Anayesaka kete hawezi.

Hoja ya kufungulia biashara yote ina nguvu yake. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja mashariki ya Mombasa, na unga haukuisha vijiweni. Faida inakwenda kwa wauza unga, na mtumiaji hajui kilichochanganywa kwenye kete yake. Hata hivyo, kinachonitisha zaidi ni kampuni yenye bajeti ya matangazo ambayo faida yake inamtegemea mteja asiyeweza kuacha. Sigara zimetufundisha hilo vya kutosha. Kwa heroini, nasimama na mzazi wa Kinondoni au Malindi anayeikataa biashara hiyo.

Lakini mzazi huyohuyo, mwanawe akishaingia, hanufaiki na kifungo chake. Fikiria mtu anayepanda daladala mbili kila siku kwenda kliniki. Akikamatwa njiani kwa sababu ana bomba la sindano mfukoni, dozi inampita, arosto inamshika mahabusu, na akitoka mtu wa kwanza kumtafuta ni muuzaji wake. Wenzake wakiona hivyo wanaiogopa njia ya kliniki, na fedha zilizotumika kuijenga zinakosa kazi. Kwa hiyo kabla ya kufikia kanuni za Ureno, kuna hatua moja ambayo polisi na wizara za afya za nchi zetu wanaweza kukubaliana: mgonjwa aliyesajiliwa kliniki asikamatwe kwa sindano au kete ya kutumia mwenyewe, na akishikwa kwa kosa lingine lolote, dozi yake imfuate kituoni siku hiyohiyo.