Kuripoti ukatili wa kingono chuoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Usiporipoti leo, basi tena." Hii ndiyo inayoumiza wengi, kwa sababu inachanganya mambo mawili. Kinachokimbizana na saa ni matibabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, navyo vikiwahi ni bora. Ushahidi wa mwilini hupotea upesi pia, hivyo ukiweza usioge kabla ya kupimwa, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hushika unyevu ukaharibu ushahidi. Umeshaoga? Nenda hospitali vilevile. Muulize mhudumu mapema kama analazimika kuwaarifu polisi, maana sheria hutofautiana. Uamuzi wa kuripoti, huo unaweza kusubiri hadi akili itulie.

"Kuripoti ni polisi tu." Chuo nacho kina njia yake. Hakimfungi mtu jela, ila kinaweza kumsimamisha masomo, kumfukuza au kumkataza asikukaribie. Kuhama bweni au kuahirishiwa mtihani, vyuo vingi hukubali hata kama hujafungua malalamiko rasmi. Unaweza kupita njia zote mbili, moja, au usipite yoyote.

"Nikimweleza mhadhiri, itabaki siri yetu." Si lazima. Vyuo vingi humtaka mhadhiri au mlezi wa bweni apeleke taarifa mbele. Mshauri nasaha na daktari kwa kawaida hutunza siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Anza kwa kuuliza: "Nikikuambia jambo, utalazimika kulifikisha kwa mwingine?" Akijibu ndiyo, bado una nafasi ya kunyamaza.

"Hakupiga kelele, basi aliridhia." Uongo mtupu. Mwili huweza kuganda kwa hofu, na kumbukumbu zikaja vipandevipande. Andika unachokumbuka, na palipo na pengo liache. Kubahatisha ndiko kutakakokugeukia ukihojiwa.

"Ni mpenzi wake, wataelewana." Kuwa wapenzi si ridhaa. Nami ningependa kila anayeishi bweni ajue hili: kukabwa shingo, hata mara moja, hata pasipo alama, ni dalili nzito kwamba huyo mtu anaweza kuja kuua, na madhara yake huweza kujitokeza baada ya saa kadhaa au siku. Hapo ni daktari kwanza. Kipindi cha kuachana nacho ni cha hatari, na chuo kikianza uchunguzi mtuhumiwa kwa kawaida hujulishwa. Kwa hiyo kabla hujatia saini malalamiko, uliza ataambiwa lini, omba zuio la kukukaribia liwe tayari siku hiyo, na nakala za jumbe zake zihifadhi kwenye akaunti ambayo hajui nenosiri lake.