Maji Kung'aa Si Tangi Kukomaa

Wiki ya kwanza maji ya tangi jipya la kufugia samaki nyumbani huwa maangavu kabisa, na ni wiki hizo za mwanzo ambapo samaki wengi hufa. Mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji naye humlaumu mnunuzi, kumbe kilichokosekana ni bakteria.

Dhana: Maji yakilala usiku mmoja, tangi liko tayari.

Kulaza maji kunaondoa klorini tu. Maji ya mfereji hapa Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, hutiwa klorini ili tusiugue. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24, sehemu kubwa ya klorini hiyo hutoka. Dawa ya kuiondoa hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Shida yenyewe huanza samaki wakiingia. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Huioni, lakini inamuunguza. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu: huizuia damu kubeba oksijeni, na ndipo unawaona samaki wamejazana juu wakitweta. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi hayo mawili huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea. Baridi ya Julai, kama huna hita ya kupasha maji, huyachelewesha zaidi.

Kwa hiyo komaza tangi kabla ya kununua samaki. Washa filta, yaani kichujio cha maji, kisha kila siku tia chakula cha samaki kidogo kioze na kutoa amonia. Pima maji. Amonia itapanda, kisha itashuka huku naitraiti ikipanda. Amonia na naitraiti zote zikisoma 0 ilhali bado unatia chakula, na naitreti inaonekana, tangi limekomaa. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji ya filta yake, chenye bakteria tayari, ukitie kwenye filta yako. Mimi nakiamini kuliko chupa yoyote ya bakteria ya dukani.

Dhana: Filta ni ya kunasa uchafu, hivyo ioshe hadi ing'ae, na usiku izime.

Hili hunihuzunisha kuliko yote. Ule utelezi wa rangi ya kahawia kwenye sponji ndio makao ya bakteria wako. Ukiisugua chini ya mfereji, klorini inawaua na unaanza upya, safari hii samaki wakiwa ndani. Chota maji ya tangi kwenye beseni, ikamue humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na rangi.

Kuizima pia ni hatari kwa sababu bakteria hao wanahitaji oksijeni. Na gharama ni ndogo: filta ya wati 5 ikiwaka mchana na usiku hula chini ya yuniti 4 kwa mwezi. Stima ikipotea kwa saa nyingi, suuza sponji katika maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, usije ukamwaga maji yaliyooza ndani ya tangi.

Dhana: Anayeanza aanze na bakuli dogo.

Maji machache huchafuka haraka. Tangi la lita 60 humpa anayeanza nafasi ya kugundua kosa mapema. Lakini kumbuka maji hayo peke yake ni kilo 60, kwa hiyo usiliweke kwenye stendi ya TV.

Dhana: Kila wiki mwaga maji yote.

Robo yatosha. Kubadilisha yote kwa ghafla huwashtua samaki kwa joto na kemikali tofauti. Mtaani kwenye mgao wa maji, jaza mtungi siku yanapokuja, uyatie dawa, uyaache yapate joto la chumba.

Tangi likishakomaa, anza na samaki wadogo aina ya gapi, watatu au wanne. Bakteria wataongezeka kulingana na amonia wanayopata, kwa hiyo pima tena baada ya wiki mbili kabla ya kurudi dukani.