"Mua, mwalimu": dhana potofu kuhusu kumfundisha mtoto kusoma kwa sauti za herufi

Nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali huku Ilemela, Mwanza, upande wa ziwani kabisa, ukifungua dirisha asubuhi harufu ya dagaa inaingia kabla ya watoto. Kiwango kinasema mwalimu mmoja watoto 45, mimi ninao 94, hesabu mwenyewe. Kila Januari nasikia maneno yaleyale kutoka kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa jirani anayeuza vocha, kuhusu mtoto anavyojifunza kusoma, na mengine nilikuwa nayaamini mwenyewe miaka yangu ya mwanzo, kwa hiyo sicheki mtu hapa.

"Mtoto wangu anazijua herufi zote, tatizo nyie hamumfundishi kusoma"

Hili ndio kubwa kuliko yote. Mzazi anamsimamisha mtoto mbele yangu, mtoto anaimba a, be, che, de mpaka ze bila kukosea, mzazi ananiangalia kama anataka nimrudishie pesa. Sasa mpe mtoto huyohuyo neno "kaka". Atakwambia "ke, a, ke, a". Halafu ananyamaza. Na ana haki ya kunyamaza, kwa sababu ke-a-ke-a ukiviunganisha havitoi kaka hata siku moja. Alichofundishwa ni majina ya herufi. Jina la herufi ni kitu kimoja na sauti yake ni kitu kingine, na kinachosomeka ni sauti.

Lakini ngoja, hata sisi tunaosema tunafundisha sauti tunaharibu vilevile. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nafundisha m, nasema "mu! mu!" kwa nguvu, darasa zima "mu!", nafurahi. Nikaandika m, nikaandika a, nikamwita binti mmoja mdogo anakaa dawati la mbele, nikamwambia unganisha. Akasema "mu... a... mua." Darasa likacheka. Nikamwambia hapana, rudia. "Mua, mwalimu." Nikarudia mimi, akarudia yeye, mua. Nilifika nyumbani ndio nikaelewa kwamba mtoto alikuwa sahihi mia kwa mia, mimi ndio nilimpa mu badala ya mmm, na mu ukiweka na a unapata mua ule wa kutafuna. Tangu siku hiyo m naitamka midomo imefungwa, mmmmm, s ni sssss kama tairi linatoa upepo, f ni fffff kama unazima mshumaa. Zile fupi kama k, t, p huwezi kuzivuta, hizo unazikata haraka bila kuzibandika irabu nyuma. Ni kakitu kadogo lakini darasa linabadilika kabisa.

"Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, hakihitaji mpango"

Nusu yake ni kweli. Irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti yake na haibadiliki, herufi ni 24, q na x hatuna kabisa, c haitembei bila h. (Ile chati ya ukutani inayouzwa mjini ina herufi 26 na kwenye x kuna picha ya kinanda ambacho hakuna mtoto wa Kirumba aliyewahi kukiona, mimi nimeikunja nimefungia zana kabatini.) Kwa urahisi huu mtoto wa Kiswahili anatakiwa kusoma mapema kuliko mtoto wa Uingereza, ambaye ana herufi 26 za kubeba sauti kama 44 na kila herufi ina vituko vyake.

Ila mpango unahitajika. Ukienda a mpaka z kwa kufuata alfabeti unakaa wiki na wiki bila mtoto kusoma neno la maana. Chukua konsonanti tatu tu, m, k, t, uzipitishe kwenye irabu tano, una silabi 15, na kwenye hizo 15 kuna mama, kaka, kuku, moto, mate, tatu, koti, keki, kata, kamata. Mtoto anasoma maneno mwezi wa kwanza! Akishaonja hiyo hata ukimnyima chaki ataandika na mkaa.

Halafu kuna zile kona. M kwenye "mbuzi" imegandana na b, mbu-zi, lakini kwenye "mtoto" imesimama peke yake, m-to-to, na mtoto uliyemzoesha kwamba kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu atakusomea "mutoto" na utamlaumu bure. Na ng na ng', hapo ndio balaa lenyewe. Ngoma na ng'ombe sio sauti moja, na kile kialama cha juu mtoto anadhani ni uchafu wa chaki. Nilimkosoa mtoto mmoja kaandika "ngombe", kesho yake akanionyesha kibanda cha supu njiani kimeandikwa SUPU YA NGOMBE kwa rangi nyekundu, akaniuliza mwalimu na huyu umkosoe? Kwa hiyo hizi zinahitaji siku zake, kadi zake na michezo yake, haziji zenyewe.

"Watoto wa Kanda ya Ziwa hawajui kusoma, wanachanganya r na l"

Hii inaniudhi. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kisukuma, wengine Kikerewe, Kijita, Kizinza, na Kiswahili wanakutana nacho kwa uzito shuleni. Mtoto akiona "dhahabu" akasema "zahabu", amesoma. Ameona herufi, ameziunganisha, amepata neno, na ukimuuliza dhahabu inachimbwa wapi anakwambia Geita. Hilo ni suala la matamshi, unalirekebisha taratibu kwa kumsikilizisha, humrudishi kundi la wanaoanza. Nimeshaona mtoto anayesoma aya nzima anahesabiwa hajui kusoma kwa sababu ya "selasini".

Ila nisiwe mtetezi tu, kwenye kuandika inaleta shida kweli. Kwenye imla sikio ndio linaongoza mkono, na sikio lisilotenganisha r na l litaandika karamu wakati unataka kalamu, na moja ni ya kuandikia nyingine ni ya kula wali. Kwa hiyo mimi nacheza nao mchezo wa kusikiliza tu, bila daftari: nikisema neno lenye r wanasimama, lenye l wanakaa. Kura, kula, kalamu, karamu. Wiki ya kwanza ni vurugu tupu, wiki ya tatu wanaanza kunikosoa mimi, maana na mimi ni Msukuma wa Magu jamani.

"Wanasoma wote vizuri tu, wasikilize"

Mkaguzi akija, au mgeni yeyote, tunaimba. Ba be bi bo bu! Sauti inafika mpaka barabarani. Kiukweli kuimba pamoja kuna raha yake na kunasaidia kukumbuka, ila watoto 94 wakiimba, 30 wanaojua wanawabeba 64 waliobaki na huwezi kumsikia asiyejua. Wengine wanachezesha midomo tu. Nilikuwa na kijana alimaliza muhula mzima hivyo, kitabu amekishika vizuri, kidole kinatembea chini ya mstari kwa mwendo uleule wa wenzake. Siku nilipofunika picha kwa kiganja akabaki ananitazama. Alikuwa amekariri ukurasa kwa kufuata picha.

Dawa yake ni kumsikiliza mmoja mmoja. Watoto 20 kwa siku wakati wa uji, dakika mbili kila mmoja, wiki moja umemaliza darasa. Namwekea herufi 10, silabi 10, maneno matano, sentensi moja. Na lazima niweke maneno yasiyo na maana, kama "luti" au "mafo", kwa sababu hayo hawezi kuwa amekariri popote, akiyasoma ujue anasoma kweli. Uingereza tangu 2012 wanawapima watoto wadogo hivihivi, maneno 40 na nusu yake ni ya kubuni, na pembeni ya yale ya kubuni wanachora vijidudu vya ajabu mtoto ajue sio neno la kawaida. Mimi vijidudu sichori, nawaambia hili ni jina la samaki ambaye bado hajavuliwa.

"Kuwapanga makundi ni kuwabagua"

Inategemea umepangaje, na hapa nina kesi ya kujibu. Baada ya kuwapima nikaona nina watoto wa aina tatu: wasioshika hata sauti za herufi, wanaosoma silabi lakini neno linawashinda, na wanaosoma sentensi. Kuwafundisha wote kitu kimoja ni kuwaonea wote kwa zamu. Nikawapa makundi majina ya kwetu nikaona nimefanya la maana: Sangara, Sato, Dagaa. Haikumaliza siku mbili. Watoto wa ziwani unawadanganya nini kuhusu samaki? Kundi la chini nililiita Dagaa, na mtoto mmoja akaniambia wazi, "Mwalimu, mimi sitaki kuwa dagaa, dagaa anauzwa kwa kopo." Nikafuta majina yote. Sasa makundi yanaitwa kwa mahali yanapokaa tu, la dirishani, la mlangoni, la ubaoni, na kila baada ya wiki mbili watu wanahama. Kundi linakuwa ubaguzi pale mtoto anapoingia Februari na kukutwa humohumo Novemba.

Wazo la kuwapanga watoto kwa uwezo badala ya umri au darasa sio la kwangu, shirika la Pratham lililoanza Mumbai mwaka 1995 limelifanyia kazi India miaka mingi na sasa limefika nchi kibao za Afrika.

"Shughuli tofauti tofauti zinataka hela na darasa la watoto 20"

Zana zangu ni vizibo vya soda, maboksi ya sabuni, chaki na mawe. Mji wetu wenyewe ni mawe, uwanja wetu una jiwe kubwa kama tembo amelala, tunaliandika silabi kwa chaki na mvua inafuta bure. Vizibo naviomba kwa mama mwenye kioski, navigeuza ndani, naandika silabi kwa maka peni.

Na sitayarishi masomo matatu, hiyo ndio siri, ni somo moja lenye ngazi tatu. Mfano neno la siku ni "samaki". Kundi la kwanza niko nalo mimi kwenye mkeka, tunatafuta sauti sss: je, sabuni ina sss? Samaki? Mtumbwi? Wanaiandika s hewani, halafu kwenye mchanga. Kundi la pili wana vizibo sa, ma, ki, ta, ka, wanajenga samaki, wakimaliza wanavuruga wanajenga mengine, kama saka, kama, taka, maki (hilo hawalijui, wanacheka wanalitupa). Kundi la tatu wanasoma wawili wawili na kuandika sentensi zao kuhusu samaki, na huko ndio unakuta "baba alivua sangara mkubwa akamuza", nasahihisha "akamuza" moyoni nimefurahi. Kipindi ni dakika 30, haitoshi, nakubali. Kesho mkekani wanakuja kundi la pili. Siku nyingine vizibo vinarushwa kama mawe ya manati na somo linakufa hapohapo.

"Aanze na foniksi ya Kiingereza ndio atakuwa mbele"

Foniksi ndio hiihii ya kusoma kwa sauti za herufi. Kwa kifupi: sauti sio zilezile. Kiingereza ratiba nyingi zinaanza na s, a, t, i, p, n, na ile a ya kwenye "cat" sio a ya baba. Mtoto akishaelewa kwa lugha anayoisikia kwamba herufi inabeba sauti na sauti zinaungana, ule ufahamu anauhamishia kwenye Kiingereza, kinachobaki ni kumfundisha vituko vyake. Mwambie mapema tu kwamba "make" haisomwi ma-ke, asije akadhani ni make wa kitu gani.

"Mimi sijasoma, nitamsaidiaje mtoto?"

Mama mmoja wa Igombe, anaanika dagaa, aliniambia hivyo kwenye kikao cha wazazi huku anaangalia chini. Nikamwambia mama, sihitaji ushike kitabu. Ukiwa unageuza dagaa muulize tu, nitajie kitu kinachoanza kama dagaa. Akisema debe, dirisha, duka, yuko sawa. Akisema ziwa, mwambie sikiliza tena. Sauti zinaanzia sikioni kabla ya kufika kwenye karatasi, na sikio halina darasa la saba.

Alinikuta stendi wiki tatu baadaye, ndoo kichwani. "Mwalimu, umeniletea kazi. Hataki kulala! Kila kitu anataka tuseme kinaanza na nini, jana kwenye daladala kamuuliza konda."

Nikamuuliza, konda alijibuje?

"Kasema ke. Mtoto kamwambia sio ke, sema k."