Homa, Kuharisha na Jino la Kwanza: Maswali na Majibu

Kuna kauli tunayoisikia kliniki mara kwa mara hadi inachosha: "Ameanza kuharisha juzi, nikajua ni meno." Anayesema hivyo huwa amempakata mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Maswali yafuatayo ndiyo wazazi huuliza tukishamaliza kumhudumia mtoto. Heri yangeulizwa mapema.

Mtoto huanza kuota meno akiwa na umri gani?

Wengi huanza karibu na miezi 6. Wapo wanaoanza na miezi 4, na wapo wanaotimiza mwaka wakiwa na ufizi mtupu, nao ni wazima kabisa. Kwa kawaida hutangulia mawili ya mbele ya chini. Meno yote 20 ya utoto huwa yametimia mtoto akikaribia miaka 3. Akifika mwaka na nusu bila hata jino moja, mpeleke kwa daktari wa meno. Kabla ya hapo, acha kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Dalili za kuota meno ni zipi?

Mate kumtoka kwa wingi, kutafuna kila anachokishika, ufizi kuvimba kidogo, kulialia, na usingizi wa mang'amung'amu kwa siku chache. Joto linaweza kupanda kidogo, lakini halifiki nyuzi 38. Orodha inaishia hapo.

Na homa je?

Hapana. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mtoto anaumwa na ugonjwa wake utafutwe. Huenda ni masikio, mapafu, njia ya mkojo, au malaria kwa wanaoishi penye malaria. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa kusubiri jino. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto hilo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na kuharisha?

Hapana. Jino linapasua ufizi, haligusi utumbo. Mtoto anayepata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, tofauti na kawaida yake, anaharisha, na mara nyingi ni kwa sababu ya vijidudu alivyovimeza.

Mbona watoto wangu wote waliharisha walipokuwa wakiota meno?

Kwa sababu mambo mengi humkuta mtoto katika umri huohuo. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama huwa imepungua sana anapofika miezi 6. Wakati huohuo anaanzishiwa chakula, na chakula kinakuja na vyombo, maji na mikono ya watu. Anajifunza kukaa na kutambaa, na kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni, hasa ufizi ukimwasha. Jino nalo linatokeza siku hizo. Jino linaonekana, vijidudu havionekani, basi lawama zote zinaliangukia jino. Kosa hili si geni: karne ya 19 huko Uingereza, kuota meno kuliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi kuwa chanzo cha vifo vya watoto wengi. Watoto wale waliuawa na magonjwa.

Bibi yake amelea watoto wengi na anasema tusubiri jino litoke.

Mheshimu bibi, na mtoto mlete kliniki. Ukiambiwa ni jino tu, utakuwa umepoteza asubuhi moja kwenye benchi.

Basi tusubiri siku ngapi?

Swali hili ndilo linalotuletea watoto waliochelewa. Mtoto mchanga anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Usihesabu siku, mtazame mtoto. Macho au utosi ukibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, akipitisha saa 6 bila kukojoa, au choo kikiwa na damu, ondoka sasa hivi. Vivyo hivyo akipumua haraka (mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11) au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Jino liwe limetokeza au halijatokeza, ondoka.

Nimpe nini wakati najiandaa kwenda?

Maziwa ya mama, tena mara nyingi kuliko kawaida. Kumwachisha kunyonya "ili tumbo lipumzike" ni kumwongezea hatari. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini) kwa kijiko, kidogo kidogo. Soma pakiti inahitaji maji kiasi gani (nyingi ni lita 1), yawe safi na salama, na usikadirie kwa macho. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Kliniki atapewa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Tafadhali zimalizeni. Wengi huacha siku ya tatu choo kikishakuwa kizito. Antibiotiki zilizobaki za kaka yake ziache zilipo.

Ufizi unamuuma. Tumpake dawa ya ganzi?

Hapana. Zenye benzokeini, kiungo cha kutia ganzi, zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na mtoto wa chini ya miaka 2 hatakiwi kuzipewa. Mkanda wa shanga shingoni unaweza kumnyonga. Kukata au kuchokonoa ufizi "ili jino lipate njia" kunaleta damu na maambukizi, na jino halihitaji kufunguliwa mlango. Nawa mikono, msugue ufizi kwa kidole, au mpe kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya baridi atafune ukimwangalia.

Jino likishatoka?

Anza kulipiga mswaki siku hiyo hiyo, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.